Mchanga wa boriti: wa mto, wa kwari au mabaki ya mgodi?

Anayejenga Kisumu, Kakamega au Migori siku hizi akiulizia mchanga hutajiwa vitu vitatu. Kuna mchanga wa mto, ule unaopakiwa Nyakach, au wa kando ya ziwa kule Kobala. Kuna vumbi la kokoto kutoka kwenye kwari, yaani machimbo ya mawe. Na kuna wazo la tatu linalosikika zaidi kwenye maeneo ya dhahabu: kuchukua mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa na kuoshwa, yaliyolundikana Nyatike, Ikolomani na kwingineko, na kuyatia kwenye zege badala ya sehemu ya mchanga.

Wazo hilo si la kupuuza. Kingo za mito zinaporomoka kwa kuchimbwa mchanga, na malundo ya mabaki yanapeperushwa na upepo wakati wa kiangazi na kusombwa hadi mtoni mvua ikinyesha. Kama shida moja ingeweza kupunguza nyingine, sote tungefaidika. Lakini hapa tunazungumzia boriti, si tofali la ukuta wa ua. Boriti inabeba slabu na watu walio juu yake, na ndani yake mna vyuma ambavyo hutaviona tena baada ya kumwaga zege. Ndiyo maana nimeyapima yote matatu kwa vipimo vilevile, bila kulipendelea lolote.

Vipimo nilivyotumia

Vipimo ni vitano: umbo na ukubwa wa punje, kiu ya maji, kemia, yaani mchanga huo utakavyowafanyia zege na vyuma miaka ishirini ijayo, uhakika kwamba lori la pili litafanana na la kwanza, halafu bei na ruhusa.

Nguvu ya kyubu siku ya 28, yaani vipande vya zege vya mraba vinavyobanwa maabara hadi vivunjike siku 28 baada ya kumwagwa, sikuifanya kipimo cha kuamulia, na sababu iko katika jinsi boriti inavyofanya kazi. Boriti inapolemewa, upande wa chini unavutwa, na mvuto huo unabebwa na vyuma. Zege la juu linabanwa tu. Kwa hiyo boriti mbili zenye vyuma sawa, moja ya zege zuri na nyingine ya zege hafifu kiasi, zinaweza kuvumilia karibu mzigo uleule wa kupinda. Tofauti inajitokeza kwingine. Inaonekana karibu na nguzo, ambako nyufa hukata kwa mshazari na punje za mchanga na kokoto husaidia kwa kung'ang'aniana pande mbili za ufa. Inaonekana katika boriti kulegea mapema. Tena inaonekana katika nyufa nyembamba zinazopitisha unyevu hadi kwenye vyuma. Ukiambiwa tu kwamba kyubu zilipasi, basi umeambiwa nusu ya habari.

Punje

Mchanga wa mto umesuguliwa na maji kwa muda mrefu, kwa hiyo punje zake ni za mviringo na kwa kawaida zina ukubwa mchanganyiko. Zege lake linateleza vizuri kati ya ringi, vile vyuma vyembamba vinavyozungushwa kwenye vyuma virefu vya boriti. Adui yake ni tope. Chukua chupa ya kioo iliyonyooka, tia mchanga hadi karibu nusu, ongeza maji yenye chumvi kidogo, tikisa sana, kisha iache itulie saa tatu. Mchanga utakaa chini, na juu yake tope litajipanga kama utando wa kahawia wenye mpaka unaoonekana wazi. Pima kwa rula. Ikiwa mchanga una kimo cha milimita 100, tope lisizidi milimita 8. Likizidi, mchanga huo uoshwe au upelekwe maabara kabla hujaumwaga kwenye boriti. Jaribio hili halina gharama, na bado kwenye mijengo mingi halifanywi.

Vumbi la kokoto lina punje zenye kona kali, kwa sababu limetoka kwenye mashine ya kuponda mawe. Kona hizo husaidia kushikana lakini hufanya zege liwe gumu kulisukuma. Pia lina unga mwingi wa mawe. Kiwango cha zamani cha Uingereza, BS 882, ambacho wahandisi wetu wengi wamesomea, kiliruhusu unga unaopita chekecheo la mikroni 75 ufike asilimia 16 kwenye mchanga wa mwamba uliopondwa, lakini asilimia 4 tu kwenye mchanga wa asili. Si upendeleo. Unga wa mwamba safi ni jiwe lilelile likiwa dogo, ilhali unga wa mchanga wa mto mara nyingi ni udongo wa mfinyanzi, ambao huvimba na kuzuia saruji kushika punje.

Mabaki ya mgodi yana hadithi nyingine. Ili dhahabu itoke, jiwe husagwa kwenye mashine ya mipira ya chuma hadi liwe laini sana. Chota kiganjani yakiwa makavu: ni ya kijivu, mepesi kutawanyika, na yanabaki kwenye mistari ya vidole kama saruji. Yakilowa hushikana mabonge. Hayo si mchanga kwa maana ya kawaida. Sehemu kubwa yake ni unga. Kwa hiyo hayawezi kushika nafasi yote ya mchanga kwenye boriti. Yanachoweza ni kuchukua sehemu ndogo yake, na yakisaidia, yanasaidia kwa kujaza nafasi ndogondogo kati ya punje kubwa.

Hapa pana jambo ambalo watu huchanganya. Mawe ya taka ambayo mgodi uliyatoa ili kufikia mshipa wa dhahabu, na ambayo hayajasagwa, ni kitu kingine kabisa. Hayo yanaweza kupondwa kama mawe ya kwari yakatoa mchanga wenye punje nzuri. Kwenye punje, yahesabu pamoja na vumbi la kokoto. Kwenye kemia, yahesabu pamoja na mabaki.

Maji

Kadiri punje zilivyo laini na zenye kona, ndivyo zege linavyodai maji. Maji yakiwa mengi mno kulingana na saruji, nguvu inashuka na zege linabaki na vinyweleo. Mchanga wa mto ndio wenye kiu ndogo zaidi. Vumbi la kokoto hudai maji zaidi, na mabaki hudai zaidi ya vyote. Dawa ya kulainisha zege inatatua sehemu ya shida hii, lakini lazima ipimwe, isimwagwe kwa kukadiria.

Majaribio mengi yaliyofanywa nje kwa mabaki ya chuma na ya shaba yanaonyesha mwelekeo mmoja. Sehemu ndogo ya mchanga ikibadilishwa, nguvu hubaki ilivyo au hupanda kidogo. Sehemu hiyo ikizidi, maji huongezeka na nguvu hushuka. Tofauti kati ya maabara na mjengo ni kwamba maabara hakuna fundi mwenye haraka. Zege likigoma kuingia kati ya ringi na jua linawaka, ndoo ya maji itaongezwa, umekataza hujakataza. Ukichagua malighafi yenye kiu, chagua pia mtu wa kusimama kwenye mashine ya kuchanganyia.

Kemia

Kipimo hiki ndicho kinachoamua suala la mabaki, kwa hiyo nitakaa hapa.

Mchanga wa mto na wa Ziwa Victoria hauna shida kubwa ya chumvi, kwa sababu maji yake ni baridi, yaani si ya chumvi. Kwa wasomaji wa Nakuru hali ni tofauti: Ziwa Nakuru na Elementaita ni maziwa ya magadi, na mchanga wa fukwe zake haufai kugusa vyuma. Shida nyingine ya mchanga wa mto ni uozo wa mimea, unaochelewesha saruji kukaza. Maabara huutambua kwa kuuloweka mchanga kwenye maji ya soda kali na kutazama rangi baada ya saa 24.

Vumbi la kokoto linafuata tabia ya mwamba wake. Granaiti na miamba migumu ya volkano kwa kawaida hutulia. Ila katika Bonde la Ufa, kuanzia Naivasha kuja Nakuru, kuna mawe ya volkano yenye kioo ndani yake, na silika ya namna hiyo inaweza kujibizana na alkali za saruji, zege likavimba polepole na kupasuka. Saruji yenye pozolana, yaani iliyochanganywa na unga kama majivu ya volkano, hupunguza hatari hiyo. Uliza kwari imepimwa lini.

Mabaki ya dhahabu yanakuja na maswali mawili mazito zaidi.

La kwanza ni salfa. Dhahabu ya magharibi mwa Kenya mara nyingi hukaa pamoja na madini ya salfaidi, yaani metali iliyoungana na salfa, kama pairiti. Mgodi wa Macalder huko Nyatike, uliofungwa 1966, ulitoa shaba pamoja na dhahabu kutoka kwenye mwamba wenye salfaidi nyingi. Salfaidi zikikutana na hewa na unyevu hugeuka kuwa asidi na salfeti. Asidi inapunguza ulinzi ambao zege linawapa vyuma, na salfeti zinaunda fuwele zinazolisukuma zege kutoka ndani. Mbaya zaidi ni pairotaiti, salfaidi nyingine ya chuma, ambayo huoza haraka kuliko pairiti. Mashariki mwa jimbo la Connecticut, Marekani, maelfu ya misingi ya nyumba imekuwa ikipasuka kwa sababu kokoto lililotumika lilikuwa na pairotaiti, na nyufa nyingi zilionekana miaka 10 hadi 20 baada ya kumwagwa. Hakuna kyubu ya siku ya 28 ambayo ingelionyesha hilo. Kiwango cha Ulaya, EN 12620, kinataka jumla ya salfa kwenye kokoto na mchanga isizidi asilimia 1, na pairotaiti ikijulikana kuwepo, isizidi asilimia 0.1.

Macho yanaweza kukupa onyo la kwanza. Lundo lenye ganda la rangi ya kutu, maji mekundu au ya manjano yanayochuruzika chini yake baada ya mvua, vimemeta vya manjano ndani ya unga: hayo yote yanakuambia salfaidi zipo na zimeanza kuoza. Lakini lundo la kijivu lisilo na dalili si lundo salama. Huenda halijapata hewa ya kutosha tu.

Swali la pili ni sumu. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamata dhahabu, na mabaki yao mara nyingi huuzwa tena kwa wenye mitambo ya sianidi ili kukamua dhahabu iliyobaki. Sianidi huvunjika kadiri muda unavyopita kwenye jua na hewa. Zebaki, risasi na aseniki haziendi popote. Zege lililokaza vizuri linaweza kuzifungia baadhi ya metali hizi ndani, na huo ni uzuri wake halisi. Ila kabla halijakaza, kuna kijana anayepakia kwa sepetu, mwingine anayechekecha, na vumbi la kwatzi linaloingia mapafuni mwao wote. Isitoshe, metali kama risasi na zinki zinaweza kuichelewesha saruji kukaza, na fundi akaondoa mbao kabla boriti haijawa tayari.

Wengine hutaja India, ambako kiwango cha IS 383 cha 2016 kinaruhusu slagi ya shaba, yaani taka inayobaki shaba ikiyeyushwa, kuchukua hadi asilimia 35 ya mchanga kwenye zege lenye vyuma. Ni mfano mzuri, ila slagi hiyo imetoka kwenye tanuru, imeyeyuka na kuwa kama kioo. Mabaki ya kusaga hayajapita motoni. Ruhusa ya kimoja haiwi ruhusa ya kingine.

Lori la pili

Mchanga wa mto hubadilika kwa msimu. Wa baada ya mafuriko una tope zaidi, na wa ukingo mmoja si sawa na wa ukingo mwingine. Kipimo cha chupa kwa kila lori kinatosha kukulinda.

Kwari inayoendeshwa vizuri ndiyo inayotoa mzigo unaofanana zaidi, kwa kuwa mwamba ni uleule na mashine ni ileile. Kwa maoni yangu hii ndiyo nguvu kubwa ya vumbi la kokoto, na haitajwi vya kutosha.

Malundo ya mabaki hayana ahadi hiyo. Lundo moja la wachimbaji wadogo linaweza kuwa na mawe ya mashimo kumi tofauti, kila shimo na salfa yake. Sampuli moja iliyochotwa juu haisemi lolote kuhusu kilichomo katikati. Malundo ya migodi mikubwa ya zamani huwa na afadhali, kwa kuwa yalitoka kwenye mtambo mmoja, ila hayo nayo yamelala nje kwa miongo mingi, na tabaka la juu limeoza tofauti na la chini.

Bei na ruhusa

Mchanga wa mto una miongozo yake. NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, ilitoa ya uvunaji wa mchanga 2007, na kaunti zina ada na masharti. Kwari inapaswa kuwa na leseni. Mabaki yanaguswa na Sheria ya Madini ya 2016 na sheria ya mazingira kwa pamoja, kwa hiyo usiyabebe kwa neno la mdomo. Taka karatasi kutoka kwa mwenye kibali cha eneo hilo. Na usidhani ni ya bure: yakiwa bado na dhahabu kidogo, mwenye mtambo wa sianidi atakupita kwa bei.

Sasa piga hesabu. Boriti ya milimita 200 kwa 450, urefu wa mita 5, inahitaji zege la mita za ujazo 0.45. Mchanga ndani yake ni takriban kilo 315. Nyumba yenye boriti kumi za namna hiyo inakula tani tatu na kidogo za mchanga kwenye boriti. Ukibadilisha asilimia 30 kwa mabaki, umeokoa chini ya tani moja. Kisha lipia vipimo vya salfa, vya metali, vya kyubu na usafiri. Kwa mtu binafsi, akiba hiyo haipo. Kwa karakana inayomwaga mamia ya boriti kutoka kwenye lundo moja lililopimwa, hesabu inaweza kugeuka.

Kila moja linamfaa nani

Mchanga wa mto unamfaa mwenye mjengo mdogo, fundi aliyeuzoea na muuzaji anayejulikana anakochota. Haumfai anayehitaji mamia ya tani mfululizo, kwa sababu atakutana na mizigo tofautitofauti, na mto utalipa.

Vumbi la kokoto, hasa lililooshwa au kuchekechwa, linamfaa mwenye mhandisi wa kusimamia mchanganyiko na mahitaji makubwa. Likichanganywa nusu kwa nusu na mchanga wa mto, kona na mviringo vinasaidiana, na tope la mto linapungua. Mchanganyiko huo ndio ningeuangalia kwanza katika miji yetu mingi ya magharibi.

Mabaki ya mgodi yanaifaa taasisi: karakana ya zege, chuo, mradi wa kaunti, au kampuni ya mgodi inayotaka kupunguza lundo lake na ina pesa za maabara. Yanahitaji subira na kumbukumbu zilizoandikwa, si ujasiri.

Kwa hali yako

Unajenga nyumba ya familia, na boriti hazizidi chache. Tumia mchanga wa mto uliopita kipimo cha chupa, au uchanganye na vumbi la kokoto. Tumia saruji ya 42.5 (namba ya daraja la nguvu iliyoandikwa kwenye mfuko) kama mhandisi ameitaja kwenye michoro, na pesa ambazo ungetumia kuhangaika na mabaki zitumie kumwagilia zege siku saba kamili.

Unajenga ghorofa kadhaa Kisumu au Nakuru. Mtake mhandisi afanye michanganyiko ya majaribio kwa vumbi la kwari mliyoichagua kabla ya boriti ya kwanza, na mkandarasi asibadilishe kwari katikati bila kurudia majaribio. Nakuru, ongeza swali la mawe yenye kioo.

Unaendesha karakana karibu na Migori au Kakamega na lundo liko jirani. Anza na vitu visivyo na vyuma na visivyogusana na maji ya kunywa. Chota sampuli kwa kina na kwa sehemu nyingi za lundo. Pima jumla ya salfa na aina ya salfaidi, metali, na jinsi metali hizo zinavyochujuka kutoka kwenye zege lililokaza. Ofisi ya Mkemia wa Serikali ina tawi Kisumu, na ni mahali pazuri pa kuulizia. Tengeneza vipande vya kupima uvimbe na uvifuatilie kwa miezi. Boriti za majaribio zivunjwe kwa mizigo ya karibu na nguzo pia, si ya katikati peke yake. Wape wafanyakazi barakoa za vumbi na glavu tangu siku ya kwanza.

Lundo liko karibu lakini huna pesa ya vipimo. Liache nje ya boriti zako, hata jirani akikuambia ameyatumia na nyumba yake imesimama miaka mitatu. Salfaidi haijamaliza kazi katika miaka mitatu.

Umegundua mkandarasi alishatia mabaki kwenye boriti zako. Usibomoe leo. Uliza yalitoka lundo gani na kwa kiasi gani, peleka sampuli ya lundo hilo ipimwe salfa, na umlete mhandisi atazame kama kuna nyufa za mshazari karibu na nguzo au madoa ya kutu. Wakati unasubiri majibu, ziba kila mahali paa au bomba linapovuja juu ya boriti hizo, kwa sababu salfaidi haziwezi kuoza bila unyevu. Kila ufa uwekee alama ya kalamu na tarehe kwenye ncha zake zote mbili, ili mhandisi akirudi aone kama umerefuka.